Mvuke Si Moshi

Nchi yenyewe siitaji. Ukiitambua, hiyo ni akili yako na balaa lako, mimi simo. Mimi ni mtumishi wa umma niliyebakiza miaka minne kustaafu, sina neno na mtu, na haya ninayosimulia nayasimulia kwa nia njema kabisa, ili watu wajue jinsi serikali yetu inavyotujali, hasa vifua vyetu. Ukisikia sauti yangu inatetemeka, ilaumu baridi. Mji wetu mkuu uko juu milimani, na ukifika mwezi wa saba hata ng'ombe hatoki zizini bila kusukumwa.

Kazi yangu ni kutafsiri sheria. Sheria zetu huandikwa kwanza na washauri wa kutoka nje, kwa lugha yao, wakiwa hotelini. Kisha zinaletwa Idara ya Lugha, ghorofa ya tatu, chumba kisicho na balbu, na mimi nazigeuza kuwa Kiswahili. Wabunge wanazipitisha bila kuzisoma, askari wanazitekeleza bila kuzielewa, na wananchi wanazivunja bila kujua. Utaratibu huu umetuletea amani kwa miaka mingi.

Sasa, mwaka mmoja kukazuka mjadala. Vijana walianza kuvuta vitu vidogo mfano wa kalamu, ukivuta unatoa wingu zito lenye harufu ya embe. Bunge likagawanyika. Upande mmoja ukasema jamani, hivi vitu ni nafuu, mvutaji sugu akivipata anaachana na sigara. Wakamtolea mfano bosi wangu, Bi Tumsifu, mkuu wa Idara ya Lugha, aliyevuta sigara miaka thelathini na akaiacha kwa kalamu hiyo hiyo, mpaka kile kikohozi chake ambacho ofisi nzima tulikitumia kama kengele ya saa moja na nusu kikanyamaza. Upande wa pili ukasema nafuu gani, mbona watoto wa shule ambao hawajawahi kugusa sigara leo wanavuta embe katikati ya somo la hesabu? Nao hawakusema uongo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni naandika kumbukumbu, nikaona pande zote mbili zina hoja, nikaogopa. Bungeni kwetu pande mbili zikiwa na hoja, anayeumia ni wa tatu.

Kampuni ya sigara, ambayo nayo siitaji, ilizipa pande zote mbili chakula cha mchana. Sufuria la pilau lilikuwa moja.

Mwishoni akasimama Waziri wa Afya, Pumzi na Mapato, Mheshimiwa Ngwengwele. Huyu bwana akisimama, hata wenye usingizi wanapiga makofi kwanza ndipo wanaamka.

"Waheshimiwa!" alinguruma. "Serikali hii sikivu haiwezi kukaa kimya huku mapafu ya taifa yakichezewa! Pafu la mwananchi ni mali ya umma! Sisi tumekabidhiwa mapafu haya na waasisi wetu yakiwa mazima, nasi tutawakabidhi wajukuu wetu yakiwa mazima vilevile, pamoja na riba!"

Makofi. Sheria ikapita siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni kuiandika kwa Kiswahili.

*

Niliitwa ofisini kwa Waziri saa saba mchana. Tafsiri ilitakiwa saa tisa, na ilikuja na masharti. Neno "sigara" nisilitumie popote, kwa sababu kampuni ilikuwa imeleta barua kwamba sigara ni jina la bidhaa yenye heshima na inayolipa kodi, lisihusishwe na uhuni. "Tumbaku" nisiitaje, maana majani yake mawili yamo kwenye nembo ya taifa. Na "nikotini" haifai, kwa kuwa Spika alijaribu kuitamka mara tatu mazoezini, na kila mara ikatoka jina la shemeji yake.

"Basi Mheshimiwa, kitu chenyewe nikiiteje?" nikauliza.

"Kieleze. Wewe si mtaalamu?"

"Tatizo, Mheshimiwa, mimi sijawahi kukiona."

Alinitazama kwa huruma. "Ndugu, mtaalamu haoni. Mtaalamu anatafsiri."

Nikarudi chumbani kwangu nikakaa na kalamu ya wino. Bi Tumsifu angeweza kunionyesha hicho kidude chake, ambacho ofisini hakileti, lakini alikuwa kliniki siku hiyo. Nikajiuliza, ni kitu gani nilichowahi kukiona mimi, kinachotumia umeme, kinachotoa mvuke, na mtu anauvuta? Nikakumbuka. Kipo kimoja tu.

Mke wangu Sikudhani ana pumu. Sisi tunaitana baba Tegemea na mama Tegemea, kwa jina la binti yetu aliyeolewa mbali. Mama Tegemea ana ile pampu ya kupuliza mdomoni, lakini kifua kikibana kwelikweli, pampu inakuwa kama kumwagia nyumba inayoungua kikombe cha maji. Hapo tunakimbilia hospitali ya wilaya. Kuna mashine ndogo pale, wenyewe wanaiita nebulaiza, inachomekwa ukutani, inanguruma kama jokofu bovu, dawa inageuka mvuke mweupe unaopita kwenye mpira mpaka kwenye barakoa, na mgonjwa anauvuta. Nimekaa pembeni ya mashine ile zaidi ya mara thelathini nimeshika mkono wa mke wangu. Naijua kama ninavyoijua sura yangu.

Basi nikaandika: *Chombo chochote cha umeme kitoacho mvuke, uvutwao kwa kinywa au kwa pua, ni marufuku kukiuza, kukimiliki au kukitumia.*

Nikaisoma mara tatu kwa sauti. Ilikuwa tamu! Hizo "-o" za mwisho zilinilevya. Nikaipeleka saa tisa kasoro dakika kumi, Waziri akasema kazi nzuri, na mimi nikaenda nyumbani nikala vizuri. Wallahi nilikula vizuri, na nikaongeza.

*

Wiki ya kwanza ya sheria, wauza kalamu wote walikamatwa, na wiki hiyo hiyo wakaachiwa. Wakili wao alimuuliza hakimu swali moja: "Mheshimiwa, nyumbani kwako umeme ukikatika, unasemaje? Unasema tochi imezima?" Hakimu akasema hapana, tochi ni ya betri. "Na vitu vya wateja wangu ni vya betri," akasema wakili. "Umeme ni ule wa nguzo, wenye mita." Kesi ikafa palepale. Kila Mswahili aliyekuwemo mahakamani alijua kwamba ni kweli, umeme ni umeme na betri ni betri. Watoto wakarudi kuvuta embe yao, safari hii kwa baraka za mahakama.

Lakini serikali ilikuwa imekwisha ajiri Wakaguzi wa Mvuke mia nane, wameshonewa sare na wamenunuliwa viatu. Mtu aliyevaa viatu vya serikali lazima akamate kitu. Ofisini kwetu wakachukua birika la umeme la chai, kwa sababu mhudumu alionekana akiinamia mdomo wa birika na kunusa tangawizi. Akapelekwa pamoja na birika. Birika lilirudi.

Kisha ikaingia baridi ya mwezi wa saba, na wakaguzi wakagundua kwamba kila raia anayepita barabarani asubuhi anatoa mvuke mdomoni. Hebu fikiria mshtuko wao! Mji mzima! Wizara ikatoa waraka: mtu atoaye mvuke ilhali hana chombo mkononi, ichukuliwe kwamba chombo amekificha. Kila mkaguzi akapewa kioo kidogo. Anakusimamisha, anakuwekea kioo mdomoni, kikipata ukungu umekwenda na maji. Mpaka hivi ninavyosimulia, aliyefaulu mtihani wa kioo ni mmoja tu, na huyo alikuwa amebebwa na watu sita kuelekea makaburini.

Njia ya kupona ilikuwa moja. Waraka ulisema wazi kwamba sheria inahusu mvuke, haihusu moshi. Ukiwa na sigara iliyowashwa, kinachokutoka ni moshi, na moshi hauna kesi.

Ndugu zangu, nchi nzima ikawasha. Walimu wa chekechea, wachungaji, mama wa kuuza maandazi, kila mmoja na yake mkononi. Bi Tumsifu, aliyekuwa ameacha miaka miwili, nilimkuta asubuhi moja nje ya ofisi anavuta huku machozi yanamtiririka.

"Ile kalamu yako je?" nikamwuliza. "Si imeachiwa?"

"Kalamu yangu ukiivuta barabarani inatoa nini?" akasema. "Mvuke. Nani ataanza kumsomesha mkaguzi habari za betri saa moja asubuhi? Nimerudi kwa shetani wangu wa zamani, mwenzangu. Huyu angalau ana kibali." Kikohozi kikamchukua. Tulikuwa na kengele tena.

Mimi sijawahi kuvuta. Nilinunua pakiti kama wengine, nikawa nawasha moja nikitoka nyumbani na kuishika tu mkononi mbali na uso, kama mtu aliyebeba mshumaa wa kanisani. Nikifika naizima, nanawa, nabadilisha shati, ndipo namkaribia mama Tegemea. Yeye alikuwa hatoki. Akitoka, anajifunga kitenge mdomoni mpaka machoni. Daktari wake alikuwa amemwambia zamani: mama, kwa kifua hiki, moshi wa sigara usiuone hata kwenye picha.

"Hivi baba Tegemea," aliniuliza jioni moja akipeta mchele, "nani aliyeiandika hii sheria?"

"Washauri," nikasema. "Wa kutoka nje."

"Wajinga kweli wale," akasema.

Nikasema, "Sana."

*

Kifua kilimbana alfajiri, siku ya ukungu mzito. Nilimsikia kabla sijamwona, ule mluzi mwembamba unaotoka kifuani kama upepo kwenye tundu la mlango. Pampu mara mbili, mara nne, hola. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikamvika koti langu, nikambeba mpaka kwenye bajaji, na saa kumi na mbili na nusu tukawa hospitali ya wilaya.

Sista Nyamizi, muuguzi anayetujua kwa majina, alitupokea mlangoni. Nilipotaja mashine, akatazama chini.

"Mashine walikuja kuifunga Jumanne, kaka," akasema. "Iko stoo, imepigwa lakiri, wameiandika kidhibiti namba moja. Wamesema nchi nzima hawajawahi kupata kitu kinacholingana na sheria kama hiki." Akalinyooshea kidole tangazo ukutani. "Hebu soma mwenyewe. Chombo cha umeme. Kitoacho mvuke. Uvutwao kwa kinywa au kwa pua. Kaka, aliyeandika haya ni kama alikuwa amekaa hapa anaiangalia mashine yetu."

Nikasema, "Labda ni bahati mbaya."

Mama Tegemea alikuwa amekaa kitandani, mikono miwili magotini, anavuta hewa kwa mabega. Hakuwa na pumzi ya kuongea, lakini macho yake yalitoka kwenye tangazo yakaja kwangu. Ameishi na mimi miaka ishirini na tisa. Anaijua "-o" yangu popote atakapoiona. Nilitamani sakafu ipasuke.

Sista akampa sindano. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hii itamshika muda wa saa tatu, zikizidi nne. Baada ya hapo, bila mashine, mimi sikuahidi kitu. Na waraka unasema mgonjwa aliyekosa mashine apewe mbadala halali." Akafungua mtoto wa meza akanionyesha. Ilikuwa pakiti ya sigara, mpya, yenye muhuri wa hospitali.

Nilitoka mbio. Nilikimbia mimi, mwenye goti bovu, na sigara yangu ya kushika mkononi, na nilikuwa ninalia.

*

Bi Tumsifu ndiye aliyeniingiza kwa Waziri. Nilimkuta ofisini, nikamweleza yote, yeye akazima sigara yake na kusema, "Twende." Hakuniuliza mara mbili. Njiani ndani ya gari lake alisema tu, "Ukifika usitetemeke," na yeye mwenyewe usukani ulikuwa unamtetemekea.

Mheshimiwa Ngwengwele alikuwa anakunywa supu. Kochini pembeni alikaa bwana mmoja mnene, mtanashati, mwakilishi wa ile kampuni nisiyoitaja, naye alikuwa na bakuli lake.

"Mheshimiwa," nikasema, "kuna kosa dogo kwenye sheria."

Kijiko kikasimama hewani. "Kosa?"

"Dogo tu."

"Kwenye sheria iliyotiwa saini na Mtukufu Rais?"

"Si kwenye sheria hasa, Mheshimiwa. Kwenye neno."

"Na neno hilo liliandikwa na nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mimi. Nilifanya mazoezi njia nzima. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Idara." Bi Tumsifu akageuka akanitazama. Nikakumbuka midomo ya mke wangu ilivyokuwa imebadilika rangi. Nikasema, "Mimi. Niliandika mimi. Nilieleza mashine ya wagonjwa wa pumu kwa kuwa ndiyo niliyoijua, na sasa mke wangu yuko hospitali, mashine imefungwa, na atakufa."

Waziri akaweka kijiko chini. "Atakufa kwa mujibu wa kifungu gani?"

Aliendelea kabla sijafungua mdomo.

"Sikiliza, ndugu. Sheria haikosei. Raia ndiye anayekosea, na sheria inamngoja palepale. Nikikubali leo kwamba neno moja lina kosa, kesho watauliza la pili. Mwisho wataanza kusoma! Wewe unataka wananchi waanze kusoma?" Akaninyooshea kidole. "Na mtu anayekiri mbele ya mashahidi kwamba ameharibu sheria ya nchi, unajua anaitwaje?"

Nilijua anaitwaje. Neno lenyewe nililitafsiri mimi, mwaka juzi, na adhabu yake pia.

Yule bwana wa kampuni akajifuta mdomo. "Mheshimiwa, naomba kuuliza tu. Kwani hiyo mashine inatoa nini hasa? Kama ni mvuke, hapo hatuna la kusema. Lakini kama ni moshi..." Akatabasamu. "Moshi ni halali. Moshi una stempu ya kodi."

Waziri akanigeukia. "Mtafsiri. Inatoa nini?"

Mara thelathini nimekaa pembeni ya mashine ile. Ukiweka kiganja mbele ya barakoa kinalowana. Hata mtoto mchanga angekuambia ni mvuke.

"Moshi, Mheshimiwa," nikasema.

"Una hakika?"

"Moshi mtupu."

"Andika."

Nikaandika palepale, kwamba mimi, mtafsiri wa sheria wa Jamhuri, nathibitisha kwa kiapo kuwa kitokacho katika mashine iitwayo nebulaiza si mvuke bali ni moshi halisi, na kwamba mashine hiyo ihesabiwe katika kundi la vitu halali vya kuvuta. Waziri akatia saini. Bwana wa kampuni akatia stempu, alikuwa nazo mfukoni.

"Unaona?" alisema Waziri, akiirudia supu yake. "Serikali inasikia."

Nilimshukuru. Nilimshukuru mpaka mlangoni, kinyumenyume.

*

Ilikuwa saa nne kasoro Bi Tumsifu aliponirudisha hospitali kwa gari lake. Ukungu ulikuwa haujainuka, na baridi ilikuwa inakata masikio. Mama Tegemea alikuwa ameinama zaidi ya nilivyomwacha, na mluzi ulikuwa umerudi. Nikampa Sista Nyamizi karatasi kwa mikono miwili. Akaisoma, uso ukafunguka. Akaisoma tena, ukafungika.

"Kaka, hapa imeandikwa moshi."

"Ndiyo, sista. Fungua stoo."

"Kitu cha kuvuta, kinachotoa moshi, na kina stempu."

"Ndiyo, sista, fungua!"

"Hiyo si ni sigara?" Akaonyesha juu ya kitanda cha mke wangu. Kibao kilikuwepo pale tangu hospitali ijengwe: HAIRUHUSIWI KUVUTA SIGARA WODINI. "Wakaguzi wanapita kila saa. Nikiiwasha humu ndani nimekwisha, na nina watoto wanne. Nisamehe, kaka. Kibanda cha wavutaji kiko kule nje."

Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyevunja lakiri kwa meno yake, ndiye aliyebeba mashine, ndiye aliyetafuta waya wa ekstensheni akaupitisha dirishani. Mimi nilimbeba mke wangu.

Kibanda kile zamani kilikuwa cha watu wawili watatu. Sasa, kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama nje bila sigara, kilikuwa kimejaa: walinzi, ndugu wa wagonjwa, mpishi wa hospitali, mzee mmoja na dripu yake. Bati juu, mbao pande tatu, na moshi ndani umesimama kama ukuta wa nne. Mama Tegemea alipouona aling'ang'ania shingo yangu kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

Bi Tumsifu akaingia mbele yetu. "Zimeni!" akapiga kelele. "Jamani zimeni, kuna mgonjwa wa pumu! Kwa hisani yenu!" Akatupa yake chini akaikanyaga. Na watu, Mungu awabariki, walizima. Mmoja mmoja, bila kuuliza, mpaka yule mzee wa dripu. Mlinzi akavua kofia akaanza kupepea moshi utoke. Mpishi akamsaidia kwa aproni.

Mashine ikanguruma. Sista akamvika barakoa, mvuke mweupe ukaanza kupanda. Nikashika mkono wa mke wangu nikahesabu pumzi zake, kama ninavyofanya siku zote. Kumi. Ishirini. Mabega yakaanza kushuka. Mluzi ukapungua, ukawa kwa mbali, na rangi ikaanza kurudi kwenye kucha zake. Kibanda kizima kilikuwa kimya kikimsikiliza mtu mmoja akipumua. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Ndipo wakaingia wakaguzi wawili.

"Humu mnafanya nini?" aliuliza mkubwa wao.

"Tunavuta, afande," alijibu mlinzi.

"Mbona sioni moshi?" Akapita katikati yetu taratibu na kioo chake. Baridi ilikuwa kali, na kila aliyekuwa kibandani mdomo wake ulikuwa unatoa wingu dogo jeupe. "Naona mvuke. Watu kumi na watano, mahali pa kuvuta, hakuna anayevuta, na wote wanatoa mvuke." Akafika kwa mke wangu. Sista akamwonyesha ile karatasi. Mkaguzi akaisoma, akapiga saluti kwa ile saini. "Huyu yuko sahihi. Huyu anavuta. Nyie wengine?"

Nilisikia kiberiti kikiwashwa nyuma yangu. Halafu cha pili. Mpishi aliwasha huku ameangalia ukuta. Mzee wa dripu aliwashiwa na mwenzake. Bi Tumsifu alibana pumzi, akabana, mishipa ikamtoka shingoni, mpaka kikohozi kikamfungua kinywa na kioo kikapata ukungu. Akawasha. Alisema, "Nisamehe, mdogo wangu," akimwambia mke wangu.

Mkaguzi akaja kwangu.

"Mimi nimemleta mgonjwa," nikasema.

"Toa pumzi."

Kioo kikawa cheupe. Nikatoa pakiti, nikawasha moja, nikaishika mbali na uso kama kawaida yangu.

"Vuta," akasema. "Wa kushika tu tumeshawajua."

Niliogopa. Sina neno jingine, na maneno ndiyo kazi yangu. Niliogopa kioo, niliogopa pingu, niliogopa kumwacha pale peke yake, na siwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo iliyonisukuma mkono. Mama Tegemea alinitazama juu ya barakoa. Akatikisa kichwa, na mpaka leo sijajua alikuwa ananikataza au alikuwa ameshanielewa.

Nikavuta. Sikujua pa kuutolea moshi. Niliubana kifuani mpaka machozi yakanitoka, nikageukia mbao, lakini kikohozi kikanishinda na wote ukatokea upande wake. Mkaguzi akatazama huku na huku, akaridhika, akaandika kwenye daftari lake kwamba kibandani hakuna mvuke tena. Na kweli haukuwepo. Dawa ilikuwa imeisha kwenye mashine, na kifuani kwa mke wangu mluzi ulikuwa umeanza upya.